Ukuta Umetangulia, Nyumba Itafuata Lini?

Mtu akishuka katika basi Chanika, Kivule au Bunju, akatembea mwendo wa robo saa ndani ya mitaa mipya, hakosi kukuta jambo ambalo wazee wa Dar es Salaam hawakulizoea: kiwanja kilichozungushiwa ukuta wa matofali pande zote nne, chenye geti la chuma lililopakwa rangi na kufungwa kwa kufuli kubwa, ilhali ndani yake hamna nyumba. Mna majani marefu, mpapai mmoja, rundo la mchanga lililokwisha kuota magugu, na pengine kibanda cha bati cha mlinzi. Ukuta umetangulia. Nyumba itafuata, wenyewe husema, Mungu akijalia.

Jambo hili limeenea kiasi kwamba halimshangazi mpita njia. Lakini yafaa limshangaze. Nyumba ndiyo inayomhifadhi mtu na jua na mvua. Ukuta wa kiwanja haumhifadhi na lolote kati ya hayo mawili. Basi mtumishi wa ngazi ya chini, au mama mwenye genge lake sokoni, ambaye bado anapanga chumba kimoja Manzese au Mbagala na kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, anapofikia uamuzi wa kuzika akiba yake yote katika ukuta kabla ya kujenga hata chumba cha kulala watoto, hapana budi pawe na nguvu inayomsukuma. Nguvu hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa, kwa sababu gharama yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, na wanaoibeba zaidi ni wale wenye mabega membamba.

Kwanza hesabu yenyewe. Na kichukuliwe kiwanja cha kawaida chenye upana wa mita 20 na urefu wa mita 30. Mzunguko wake ni mita 100. Ukiondoa mita nne za geti, zinabaki mita 96 za kujenga. Tofali la saruji linalotumika sana lina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, na likisha kuwekwa pamoja na udongo wake wa saruji, kila mita moja ya kozi hula matofali mawili na kidogo. Kozi moja kuuzunguka uwanja wote ni matofali 205 hivi. Ukuta wa kimo cha mita mbili na ushei juu ya ardhi una kozi tisa. Chini ya ardhi, kama fundi ni mwaminifu, zipo kozi tatu nyingine. Jumla ni kozi kumi na mbili, yaani matofali yapatayo 2,460, na ukihesabu yatakayovunjika wakati wa kushusha garini, mwenye kiwanja hana budi kuagiza 2,500.

Sasa nambari hiyo na ilinganishwe na nyumba. Nyumba ya vyumba viwili, sebule, jiko na choo, yenye upana wa mita nane na urefu wa mita tisa, hutumia matofali yasiyozidi sana 2,000, msingi ukiwamo. Maana yake ni kwamba ukuta unaouzunguka uwanja wa mnyonge hula matofali mengi kuliko nyumba anayokusudia kuilala. Huyu ndugu hajengi nyumba moja yenye ukuta. Kwa upande wa matofali anajenga nyumba mbili, na moja katika hizo haina paa, haina mlango wa chumba, wala haina mtu atakayelala ndani yake.

Kwa shilingi hesabu inauma zaidi. Tuseme tofali moja linapatikana kwa shilingi 1,500 likiwa limefikishwa kiwanjani. Matofali 2,500 ni shilingi 3,750,000. Kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na nyongeza hiyo ilipokewa kwa vifijo vilivyostahili. Lakini mtumishi wa kima hicho, hata kama hali, havai, hapandi daladala wala hapeleki mtoto shule, atahitaji miezi saba na nusu kulipa matofali peke yake. Hapo hajanunua saruji ya kuyaunganisha. Hajamwaga zege la msingi, hajanunua kokoto wala nondo za nguzo zinazotakiwa kusimama kila baada ya mita tatu, hajamlipa fundi na saidia fundi, hajanunua maji ya boza kwa kuwa bomba halijafika mtaani. Na kama anataka kupiga lipu pande zote mbili, ajue ana eneo la karibu mita 400 za mraba la kupaka. Geti halijatajwa. Geti nalo ni habari nyingine, maana yako mageti yaliyochomelewa maua, simba na tai, ambayo bei yake ingetosha kuezeka chumba na sebule.

Ugumu wa hesabu hii ndio unaowaponza wengi katika mikono ya wadanganyifu. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa matofali mazuri kama 35. Mfyatuaji anayemwuliza mteja mnyonge uwezo wake humtolea 50, au 60, kwa bei nafuu kidogo. Tofali la namna hiyo linafanana na jenzake kwa sura, lakini likikwaruzwa kwa ukucha linamwaga mchanga. Mvua mbili za masika zikipita, ukuta unaanza kulika kwa chini kama mkate uliotiwa katika chai. Kisha fundi, kwa kubana gharama, anaacha kuchimba msingi wa kutosha, na anasahau kuacha matundu ya kupitishia maji. Mvua kubwa inaponyesha, maji ya mtaa mzima hujikusanya nyuma ya ukuta huo, na usiku mmoja ukuta hulala chini. Ukimwangukia mtoto anayepita kwenda dukani, hakuna hesabu ya matofali inayoweza kulipia hasara hiyo.

Wako watakaosema kwamba haya ni matokeo ya tamaa na majivuno tu. Kwamba mtu anamwiga tajiri wa Masaki na Oysterbay bila kuwa na mfuko wa tajiri wa Masaki na Oysterbay. Ubwanyenye wa namna hiyo upo, na hauna haja ya kutetewa. Yuko mtu ambaye ukuta kwake ni kama suti: huvaa ili aonekane. Hata lugha ya vijana imekwisha kulipa jambo hili jina, kwa kuwa mtoto anayefungiwa nyumbani asicheze na wenzake huitwa mtoto wa geti kali, na wako wazazi wanaolipokea jina hilo kama sifa. Lakini kuwalaumu wote kwa kosa la wachache ni kukwepa kazi ya kufikiri. Mama mwenye genge hajengi ukuta ili aonekane. Anajenga kwa sababu anaogopa.

Historia ya ua katika nchi hii inaonyesha wazi kwamba hofu hiyo haikuwapo tangu zamani, au angalau haikuwa na sura hii. Katika lugha ya Kiswahili neno ua lina maana ya kizuizi na pia lina maana ya mahali palipozuiwa: uani ni pale nyuma, penye jiko, kisima, bafu na kamba ya nguo. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Ng'ambo ya Unguja iliweka ua wake nyuma, ukiwa umejengwa kwa makuti ya kumba, kwa fito au baadaye kwa mabati makuukuu. Sababu yake ilikuwa stara. Mbele ya nyumba hapakuwa na kizuizi. Palikuwa na baraza, na barazani aliketi mwenye nyumba na jirani yake na mpita njia aliyechoka. Kwa hiyo ua uliificha familia inapooga na kupika, lakini haukumficha mtu na mtaa wake. Ukuta wa leo umegeuza mambo. Umetoka nyuma ukaja mbele, ukalimeza baraza, na mlango wa nyumba haujulikani tena uko upande gani.

Huko bara vivyo hivyo. Wamasai walipanda minyaa kulizunguka boma, na kutokana na jina la mmea huo katika lugha yao likapatikana jina la Ziwa Manyara na, tangu 2002, la Mkoa wa Manyara. Wasukuma nao wameitumia minyaa kuzungushia miji yao na mazizi yao, maana utomvu wake ukiingia machoni hakuna ng'ombe wala mwizi anayetamani kuurudia. Kilimanjaro Wachagga waliweka mpaka wa kihamba kwa masale, na sale hilo hilo ndilo alilolichukua mtu mkononi alipokwenda kuomba msamaha kwa aliyemkosea. Majani hayo hayazuii mtu kuvuka. Hata mbuzi anaweza kupita. Yaliheshimiwa kwa sababu wote wa pande mbili walijua yalipandwa na nani, lini, na mbele ya mashahidi gani.

Wakoloni ndio waliotumia ardhi kuwatenga watu kwa watu. Dar es Salaam iligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi makusudi ili Waafrika wa Kariakoo wasichanganyike na mji wa wengine. Ulikuwa ua usio na tofali hata moja. TANU ilipoanza kudai uhuru ikaenda kufanya mikutano yake ya hadhara katika uwanja huo huo uliokusudiwa kuwatenga watu. Si ajabu basi kwamba katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, mtu aliyejizungushia ukuta mrefu alitazamwa kwa shaka. Walijiuliza: ana nini ndani asichotaka wenzake wakione?

Yafaa kusema kweli kwamba shaka hiyo haikumzuia mwizi. Wezi walikuwapo wakati ule na wapo sasa. Lakini mtaa ulikuwa na dawa yake. Katika miaka ya 1960 TANU iliunda mashina ya nyumba kumi kumi, na balozi wa nyumba kumi alijua nani analala wapi, mgeni wa nani amefika jana, na kijana wa nani ameanza kurudi nyumbani alfajiri akiwa na viatu vipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi wa Usukuma na Unyamwezi walipochoshwa na wezi wa ng'ombe, hawakujenga kuta, walianzisha sungusungu. Chombo hicho kilikuwa na makosa yake, na mahali pengine kilivuka mipaka ya sheria kwa ukali usiokubalika. Hata hivyo kilithibitisha kwamba macho mengi yanayolinda kwa zamu ni nafuu kuliko tofali. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, balozi wa shina alibaki kuwa kiongozi wa Chama, na ulinzi wa mtaa ukaingia mikononi mwa serikali za mitaa. Mahali penye mwenyekiti mwenye bidii ulinzi shirikishi umefanya kazi nzuri. Mahali pasipo na bidii, kila mtu amejifungia ndani ya uwanja wake na kununua mbwa.

Tena ukuta wenyewe si mlinzi mzuri kama unavyosifiwa. Mwizi akisharuka na kuingia ndani, ukuta ule ule uliojengwa kumzuia ndio unaomsitiri. Jirani haoni dirisha linavyong'olewa nondo, mpita njia hasikii, na taa ya mtaani, kama ipo, haimulikii ndani. Ndiyo maana mwenye ukuta hatosheki na ukuta. Mwaka wa kwanza hupachika vipande vya chupa juu yake. Mwaka wa pili huviona havitoshi akaweka seng'enge za wembe. Wa tatu, akiwa na uwezo, hutandika nyaya za umeme na kuajiri mlinzi. Na huyo mlinzi, ajabu ya mambo, hukaa nje ya geti kwenye kiti chakavu, pale pale ambapo zamani palikuwa na baraza.

Lakini hofu ya mwizi si hofu kubwa kuliko zote. Waulizwe wale walioanza na ukuta kabla ya nyumba, wengi hawatamtaja kwanza mwizi wa redio na televisheni. Watamtaja mwizi wa kiwanja. Ardhi yote katika nchi hii ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imelieleza jambo hilo bila utata. Mwananchi hupewa haki ya kuitumia. Uzuri wa sheria hiyo unategemea kwamba haki ya kila mmoja imeandikwa mahali panapojulikana, na mpaka wake umepimwa. Pembezoni mwa miji mambo hayaendi hivyo. Shamba la mzee mmoja hukatwa vipande na kuuzwa kwa hatua za miguu. Karatasi ya mauziano huandikwa mbele ya viongozi wa mtaa, na baadhi yao wamezoea kudai fungu lao katika bei kana kwamba nao ni wauzaji. Mwezi wa pili mtoto wa yule mzee, au dalali aliyekuwapo siku ile, humuuzia mtu mwingine kiwanja kile kile. Mnunuzi wa kwanza akirudi kutoka kazini Dodoma au Mwanza anakuta msingi wa mtu umekwisha kuchimbwa katika kiwanja chake.

Atakwenda wapi? Lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na lina kazi nyingi kuliko siku za juma. Shauri huahirishwa, shahidi anahama, mwaka unapita. Mnyonge amekwisha kujifunza kwamba katika mgogoro wa namna hiyo anayeonekana kuwa na kitu juu ya ardhi ana nafasi nzuri kuliko mwenye karatasi mfukoni. Kwa hiyo hajengi ukuta ili kuzuia mtu asiruke. Anaujenga useme kwa niaba yake, kila siku, wakati yeye hayupo: hapa pana mwenyewe. Ukuta umekuwa hati ya kiwanja, umekuwa jiwe la mpaka, umekuwa shahidi, umekuwa askari. Matofali 2,500 yanafanya kazi ya mpima ardhi, ya ofisa ardhi, ya mwenyekiti wa mtaa na ya mgambo, nao wote wanne wamekwisha kulipwa kwa kodi ya mwananchi huyo huyo, au walistahili kuifanya kazi hiyo bila ya kumtoza zaidi.

Hili ndilo linalopaswa kuwakera wana Chama kuliko urefu wa kuta za matajiri. Tajiri akijenga ukuta anatumia ziada yake. Mnyonge akijenga ukuta anatoa kodi ya pili, isiyoandikwa katika bajeti yoyote, kulipia kazi ambayo haikufanyika. Kisha watu hukaa mikutanoni wakishangaa kwa nini nyumba za wananchi hazimaliziki kwa miaka kumi, kwa nini familia zinahamia katika nyumba zisizo na madirisha, zilizozibwa kwa mifuko ya saruji. Saruji yenyewe haikukosekana. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza kuitoa tangu 1966, na viwanda vingine vikafuata Tanga na Mbeya. Saruji ipo, lakini imezungushwa nje ya nyumba badala ya kuingia ndani yake.

Isitoshe, hata hati hiyo ya matofali haimwokoi mtu mahali ambapo mpango haukufuatwa. Mwaka 2017, nyumba na kuta nyingi kati ya Kimara na Kiluvya ziliwekewa alama ya X kwa rangi nyekundu na kubomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Ukuta imara na ukuta dhaifu vilianguka siku moja. Na katika mitaa inayofanyiwa urasimishaji, wapimaji hukuta kuta zimekwisha kuziba njia. Gari la wagonjwa halipiti, gari la zimamoto halipiti, na hata jeneza hutolewa kwa kuinamishwa. Kumwomba mtu avunje ukuta uliomgharimu mshahara wa mwaka ili apishe njia ya mita mbili ni kazi ambayo wenyeviti wengi wa mitaa hawaiwezi, na hawapaswi kulaumiwa peke yao, kwa kuwa mpimaji alipaswa kumtangulia fundi.

Kuna kinachoweza kufanyika bila ya kungoja fedha kutoka nje. Halmashauri zinatoa vibali vya ujenzi. Haielekei kuwa mzigo mkubwa kwao kukataza ukuta usiotanguliwa na jiwe la mpaka, mradi tu mawe hayo yawekwe kwa wakati na kwa ada ambayo genge la nyanya linaweza kuilipa. Kama ada ya kupimiwa kiwanja ikiwa kubwa kuliko bei ya matofali mia tano, watu watanunua matofali mia tano. Hiyo ndiyo akili ya kawaida ya mnunuzi, na hakuna kampeni itakayoibadili.

Jambo jingine ni la majirani wenyewe, na ndilo rahisi kuliko yote, ingawa ni nadra kulifikiria. Katika mitaa mingi mipya, viwanja viwili vinavyopakana vina kuta mbili zinazotazamana, na katikati yake umeachwa upenyo usiopitisha hata fagio, ambamo mifuko ya plastiki na panya vimefanya makao. Kila mmoja amejenga wa kwake ili asidaiwe na mwenzake. Sasa na irudiwe ile hesabu ya kiwanja cha mita 20 kwa 30. Pande tatu zinazopakana na majirani zina jumla ya mita 80. Kama ukuta wa mpaka ungejengwa mmoja na kulipiwa nusu kwa nusu, kila mwenye kiwanja angebaki na mzigo wa mita 40 za mpakani na mita 16 za mbele, yaani mita 56 badala ya 96. Matofali yanashuka kutoka 2,500 hadi 1,450 hivi. Zaidi ya matofali 1,000 yanaokolewa, na hayo ni nusu ya nyumba. Kinachotakiwa ni makubaliano ya ukurasa mmoja, yaliyotiwa sahihi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, yakieleza nani alitoa nini na nani atatengeneza ukibomoka. Ushirika ulihubiriwa kwa miaka mingi katika pamba na kahawa. Ungeweza kuanza na ukuta wa mpakani.

Na wapo ambao hawana haja ya tofali hata moja kwa miaka mitano ya kwanza. Mita 96 za michongoma, ikipandwa mche mmoja kila futi moja, zinahitaji miche 320 hivi, na wenye kutaka ua mzito hupanda safu mbili. Miche hiyo huoteshwa kwa mbegu za ua wa jirani. Miaka miwili au mitatu, ikinyweshwa na kukatwa vizuri, inafunga kiasi kwamba kuku hapiti. Mtu mwenye haraka anaweza kusimamisha nguzo 33 na kuzungusha nyuzi tano za seng'enge, mita 480, mchongoma ukikua katikati yake. Ua wa namna hii una usumbufu wake: unataka mkono kila baada ya miezi michache, unakula upana wa ardhi, na ukiachwa unageuka kichaka cha nyoka. Lakini hauangukii watoto, maji ya mvua yanapita chini yake, na jirani anaona kama mlango wa mwenzake umevunjwa. Ofisi nyingi za umma, tangu enzi za Waingereza, zilizungushiwa michongoma wala hazikuibiwa zaidi kuliko zinavyoibiwa sasa zikiwa na kuta.

Itaulizwa kama mchongoma unaweza kuwa ushahidi mbele ya Baraza la Ardhi. Sale lilikuwa ushahidi kwa kizazi baada ya kizazi, kwa sababu ukoo na majirani walikuwapo wakati likipandwa. Mkutano wa mtaa unaweza kuufanya mchongoma kuwa hivyo. Balozi wa shina, ambaye katika mitaa mingi siku hizi hukumbukwa wakati wa uchaguzi tu, ana daftari. Katika daftari hilo yanaweza kuandikwa majina ya wanaopakana, vipimo vya kiwanja kwa mita badala ya hatua za miguu, tarehe ya kununua na sahihi za majirani wote watatu. Mtu wa pili akija kuuziwa kiwanja kile kile, daftari lisomwe mbele yake kabla hajatoa senti. Kazi hiyo haihitaji gari wala posho ya safari. Inamhitaji balozi anayejua kusoma na kuandika, anayeaminika, na ambaye hataomba fungu lake.

Wakati hayo hayajafanyika, malori ya matofali yataendelea kuteremsha mizigo yake katika viwanja vitupu vya Chanika, na mama mwenye genge ataendelea kurudi jioni Mbagala katika chumba chake cha kupanga, akiwa na funguo mbili mkobani: mmoja wa chumba kisicho chake, na mmoja wa geti ambalo nyuma yake hajalala hata usiku mmoja.